Mkungu Uliovaa Blanketi

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikitoka Rwamishenye kwenda Bukoba mjini na kurudi, mke wangu huniuliza kama nimechoka na safari, na huwa nimechoka kweli. Ndiyo maana siku mama alipotangaza kwamba ni mimi nitakayempelekea dada chakula Mombasa, ndugu zangu walicheka mpaka mmoja akaomba maji.

"Huyu? Huyu akilala Muleba usiku mmoja tu anaumwa mgongo."

Mama hakucheka. Dada yetu mkubwa, aliyeolewa huko Kenya miaka mingi, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa tumbo. Upasuaji ulikwenda vizuri, lakini wiki ya pili ilikuwa inakwisha na bado alikuwa hali chakula. Uji anasukuma, wali anasukuma. Shemeji alipiga simu kwa sauti ambayo sikuizoea kwake: daktari amesema asipoanza kula atarudishwa wodini. Kisha dada mwenyewe akachukua simu, akamwambia mama kitu kimoja tu, kwa Kihaya, kama mtoto. Anataka ebitoke vya kibanja cha tata. Ndizi za shamba la baba.

Nikasema Mombasa kuna ndizi. Mama aliniangalia kana kwamba nimekanyaga kaburi la marehemu baba.

"Basi nitazikata vichana, nizipange kwenye begi."

"Vichana unampelekea mteja," alisema mama. "Mtoto wa nyumba hii anapelekewa mkungu mzima."

Kwa hiyo nilikwenda Izigo, kwenye kibanja cha baba, nikakata mkungu mkubwa kuliko wote nyuma ya jiko. Ulikuwa na vichana saba, umekomaa na bado wa kijani kabisa. Kuufunga nilifunga mwenyewe, maana niliogopa usichubuke njiani. Nikauzungushia majani makavu ya mgomba, juu yake blanketi zito, juu ya blanketi kiroba, kisha kamba. Katikati nikapachika mananasi mawili yaliyoiva, zawadi ya shemeji. Mzigo ulikuwa na urefu wa mtoto wa darasa la tatu na uzito wa baba yake. Nikajisifu.

Mpakani Mutukula, ofisa wa upande wa Uganda alisoma karatasi yangu ya mazao mara mbili, akamwita mwenzake. "Njoo uone. Mtu anapitisha ndizi Uganda." Walinigongea muhuri huku wanajifuta machozi. Mabasi mawili baadaye nilikuwa Nairobi asubuhi, nimesimama mbele ya stesheni ya treni, miguu imevimba.

Treni nilikuwa nimeisoma darasani tu. Kwetu Kagera hakuna reli, na mtihani wa kidato cha nne haukuuliza namna ya kuipanda. Kwenye meli ya Mwanza au kwenye basi, mzigo unampa mtu, anaupeleka anakojua. Hapa tuliambiwa tuipange mizigo chini kwa mstari, wenyewe turudi nyuma, mbwa wa polisi apite anuse. Mbwa alipita masanduku ya magurudumu bila kuyajali. Alipofika kwangu akasimama, akauzunguka mzigo, akarudi tena.

"Hii ni ya nani?" aliuliza askari.

"Naomba samahani, ni wangu."

"Mtanzania," alimwambia mwenzake. "Hajaulizwa kitu, ashaomba samahani. Mzee, iko na nini ndani?"

"Mkungu wa ndizi."

"Na hii blanketi?"

"Ni la huo mkungu."

"Kwani ndizi inasikia baridi?"

Mstari mzima ulicheka. Na mimi nilicheka, maana ukiwa mgeni unacheka na wenyeji. Akaniambia nifungue. Nilipolegeza kamba na kufunua blanketi, joto lilinipiga usoni, na nyuma ya joto ikaja harufu. Hapo kicheko kikanikauka mdomoni.

Kila Mhaya anaijua harufu ile. Ndizi za pombe tunaziivisha kwa kuzifukia. Unachimba shimo, unalipasha moto, unatandika majani, unapanga ndizi, unafunika vizuri joto lisitoke. Baba alikuwa fundi wa kazi hiyo, na mimi nimemshikia majani tangu sijaanza shule. Sasa nilikuwa nimelitengeneza shimo lake upya, nikalitia na mananasi ya kuharakisha, nikalibeba mgongoni nchi tatu. Kichana cha juu kilikuwa cha njano.

"Funga, mzee, treni haingojei," alisema askari, safari hii kwa upole.

Mkungu haukuenea juu ya viti. Mhudumu alinionyesha nafasi ya mizigo mikubwa karibu na mlango wa behewa, nami nikauegesha pale, uchi, blanketi nimelitupa pembeni. Mananasi nikampa mama mmoja aliyekaa karibu. Kiti nilikuwa nacho, cha dirishani kabisa, lakini sikukikalia. Nilisimama karibu na mkungu, nikakunja gazeti lililoachwa na mtu, nikaanza kuupepea.

Yule mama aligeuka kwenye kiti chake, akaniuliza.

"Baba, unampepea nani hapo?"

"Dada yangu," nilisema.

Lilinitoka tu. Yeye alidhani ni utani, akacheka, kisha akaniona uso akaacha. Baada ya muda alikuja kusimama upande wa pili wa mkungu na kanga yake, akapepea na yeye. Hakuacha mpaka aliposhuka Voi.

Mahali fulani kabla ya hapo watu walikimbilia madirishani wakipiga kelele. Tembo. Nasikia walikuwa wengi, wekundu kwa vumbi. Mimi nilikuwa nakiangalia kichana cha pili, halafu cha tatu. Kila treni iliposimama nilihesabu vilivyobaki kijani, kama vile kuhesabu kutavizuia.

Shemeji alinipokea stesheni. Aliuona mkungu, akaniona mimi, akashika upande mmoja. Nyumbani kwao Changamwe tuliingia nao kama watu wanaobeba mgonjwa. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi. Hatujafika sebuleni, sauti ikatoka chumbani, nyembamba, kwa Kihaya:

"Nani amefukua shimo la tata?"

Nilisimama pale pale mlangoni. Dada alikuwa amelala ubavu, mikono imebaki mifupa, lakini macho yamegeukia kwetu.

"Nimeziharibu, dada. Nilizifunika blanketi."

"Blanketi!" alisema. "Na shuka hukuzitandikia?"

Vichana viwili vya chini vilikuwa bado vibichi. Shemeji alivimenya na kuvipika vizuri, na maharage, kama alivyofundishwa na dada mwenyewe. Dada alinusa mvuke, akageuza uso ukutani. Tuliirudisha sahani jikoni bila kutazamana. Nikajua nitakalomwambia mama, na sikujua nitalisemaje.

Niliporudi chumbani alikuwa amenyoosha mkono kwenye mkungu tuliouegesha karibu na kitanda. Alichuma ndizi moja ya njano mwenyewe. Alipata shida na ganda, nikataka kumsaidia, akanikatalia kwa jicho. Alikula nusu. Akapumzika, amefumba macho, nikadhani ndiyo basi. Kisha akamalizia. Akachuma ya pili, akaila mpaka katikati, akalala akiwa ameishika.

Simu ya mama iliita muda huo huo. Nilitoka nayo barazani.

"Amekula?"

"Amekula, mawe." Ndivyo Wahaya tunavyomwita mama.

"Ebitoke?"

"Ebitoke."

Nilimsikia akishukuru Mungu, halafu akaniuliza kama vilifika vibichi. Nikamwambia mtandao unasumbua.

Nilirudi ndani nikakaa kwenye kiti cha pembeni. Ile nusu ya ndizi ilikuwa bado mkononi mwake. Nilikaa nikiiangalia, nikingoja aamke.