Mgongo wa Pak Harjito

Katika kichochoro chetu cha Salatiga, kisiwani Java, hapakuwa na mgongo ambao Bu Kasminah hajaukwangua. Wa mwalimu, wa muuza tofu, wa mke wa imamu, yote ilipita mikononi mwake. Mtu akinyeshewa, akaanza kupiga miayo, kichwa kinamgonga na tumbo limejaa, alijua kwamba upepo umemwingia mwilini, na alijua pa kwenda. Bu Kasminah alimlaza kifudifudi sebuleni, akampaka mafuta ya kuchua, kisha akatoa sarafu yake nene ya shaba, ya enzi za Wadachi, aliyorithi kwa mama yake. Alikwangua kutoka uti wa mgongo kwenda ubavuni, mstari mmoja baada ya mwingine, mpaka mgongo ukafanana na miiba ya samaki. Mistari ikitoka myekundu sana watu waliguna kwa kuridhika: upepo ulikuwa mwingi, na sasa unatoka. Mgonjwa alicheua, akanywa chai ya tangawizi, akaenda zake. Bu Kasminah hakutoza kitu. Kwake ilitosha kwamba alikuwa mtu wa kuitwa.

Mumewe, Pak Harjito, alikuwa karani wa ofisi ya maji mpaka alipostaafu. Barazani alipendwa sana, maana alikuwa na mdomo, na palipokuwa na Harjito hapakukosekana kicheko. Nyumbani hakuvumilika. Mzaha wake ulikula chakula kimoja tu, na chakula hicho kilikuwa mke wake. Wageni wakija alimtambulisha kama mfanyakazi wa ndani aliyemwoa ili asimlipe mshahara. Wageni walicheka, na Bu Kasminah naye alicheka, kwa sababu huku kwetu mke asiyecheka utani wa mumewe husemwa ana kinyongo.

Safari ya Bangkok ilikuwa wazo la mume. Aliwaona vijana wa Kizungu, mke na mume, wakishuka basi na mabegi mgongoni, akasema kama hao wameweza kutoka mwisho wa dunia, yeye aliyezaliwa huku huku atashindwaje. Akanunua mabegi mawili ya mtumba. Kwenye la kwake aliweka simu, kofia na nguo chache. La mkewe likapakiwa chungu kidogo cha umeme cha kupikia wali, pilipili ya kusaga, tempe kavu ya soya, maji ya kunywa na mafuta ya kuchua. Kichochoro kizima kikaja kuwaaga, na kila aliyeaga aliagiza zawadi, ndiyo desturi yetu. Kwa hiyo kila mji waliopita begi la Bu Kasminah lilinenepa. Penang liliongezwa kahawa na biskuti za njugu, Hat Yai likaongezwa maembe makavu ya nusu ya majirani.

Pak Harjito alikuwa mkono wa birika. Alitembea juani ili kukwepa nauli ya basi, na alichagua vyumba vya vitanda vya ghorofa wanavyolala vijana kumi kumi. Kitanda cha juu alipewa mkewe, mwanamke wa miaka sitini, eti kwa sababu yeye magoti yanamsumbua. Na kote huko alimpiga picha: amelala mdomo wazi kwenye treni, amepinda chini ya begi, amemwagikiwa na mchuzi kifuani. Picha alizituma kwenye kundi la simu la kichochoro. "Mtalii wangu huyo," aliandika, na simu zetu zikajaa vicheko.

Bangkok walifikia karibu na mfereji. Mdomoni mwa kichochoro cha nyumba yao ya wageni palikuwa na mama mmoja wa Pattani, Kak Yah, aliyeuza wali wa kuku chini ya mwavuli. Watu wa Pattani, kusini mwa Thailand, wanasema Kimalei, na Kimalei na lugha yetu ni watoto wa mama mmoja. Siku ya pili tu Bu Kasminah alikuwa ameketi kwenye kigoda pale, anamenya vitunguu saumu na kupiga soga.

"Jamani mwoneni huyu," Pak Harjito alisema akipita. "Tumevuka nchi ngapi, yeye kaja kumenya vitunguu!"

"Mumeo mcheshi," Kak Yah alisema.

"Ndiyo. Wote wanasema hivyo."

Alasiri hiyo Pak Harjito alirudi kutoka hekalu la ng'ambo ya mto. Alikuwa amezunguka kwa miguu kupitia darajani, kwa sababu nauli ya mashua ilimuuma. Akaketi kwenye kitanda cha chini. Jasho lilimtoka, na alipoguswa alikuwa baridi. Alilalamika taya linamvuta na mkono wa kushoto mzito.

"Upepo umeniingia," akasema. "Toa sarafu yako."

Bu Kasminah akamlaza, akampaka mafuta, akakwangua. Mstari wa kwanza haukuwa mwekundu. Akapaka tena, akakwangua tena. Ngozi ilibaki rangi ya majivu, na mwanamke huyu, aliyeona migongo ya mtaa mzima, aliogopa.

"Baba Endah, huu si upepo. Twende hospitali."

"Hospitali ya Bangkok? Unataka tuuze nyumba? Kwangua!"

"Midomo yako inageuka bluu, bwana."

"We mwanamke, tangu lini umekuwa daktari? Kwangua kwa nguvu, kwani hujala?" Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akampiga kofi la mkononi mpaka sarafu ikaruka.

Bu Kasminah aliokota sarafu, akaitia mfukoni. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kumgeuzia kisogo mumewe akiwa anasema. Siku hiyo alimwacha anafoka, akashuka ngazi mbio bila viatu, akapita kwenye lami ya moto mpaka kwenye mwavuli wa wali wa kuku. Kak Yah hakuuliza mara mbili. Alimwita kaka yake mwenye bajaji, wakapanda ngazi wote watatu, wakambeba Pak Harjito kama gunia, naye anawatukana ngazi zote. Bajajini hakuweza kutukana tena. Alimshika mkewe kidole kimoja tu, kama mtoto anayevushwa barabara.

Walimzibua mshipa wa moyo. Bili aliibeba binti yao Endah, anayefanya kazi kiwandani Batam. Daktari alitoka akaitazama miguu ya Bu Kasminah iliyochubuka, akasema, na Kak Yah akatafsiri: "Anasema angecheleweshwa kidogo tu, sasa hivi ungekuwa mjane. Hivi vidonge asiviache. Kifua kikimkamata tena, kimoja chini ya ulimi, halafu hospitali, mbio."

Asubuhi Pak Harjito aliamka mpole ajabu. Alilia. Alisema aliona giza.

"Tukifika nyumbani utawaambia?" Bu Kasminah akamuuliza.

"Nitawaambia kila kitu, mama Endah."

Hakuwa ameomba kitu kwa mumewe tangu alipomzalia mtoto. Sasa alitaka hicho kimoja tu: aseme mara moja, mbele za watu, kwamba huyu ndiye aliyeniokoa. Njia nzima ya kurudi alikuwa akijipangia atakavyoinamisha kichwa maneno hayo yakitamkwa, na atakavyosema, "Ah, kila mke angefanya hivyo."

Kichochoro kikajaa sebuleni kuchukua zawadi na kusikiliza habari. Bu Kasminah alikuwa anagawa maembe makavu. Pak Harjito akakohoa, watu wakanyamaza.

"Jamani, mimi nimekiona kifo," alianza. "Nimelala pale Bangkok, moyo unakatika, namwambia mke wangu, nipeleke hospitali. Mnajua alifanya nini?" Akasubiri, alikuwa fundi wa kusubiri. "Akatoa sarafu! Mimi nakufa, yeye ananikwangua! Nampigia kelele, hospitali! Yeye, tulia baba Endah, upepo unatoka!"

Sebule ilipasuka. Muuza tofu alicheka mpaka akapaliwa na biskuti. Bu Kasminah alisimama na sahani mkononi.

"Baba Endah, si wewe uliye..."

"Haya, anabisha! Nani anajua zaidi, mimi niliyekuwa nakufa au wewe?"

"Nilikimbia pekupeku kumwita Kak Yah."

"Alikimbilia wali wa kuku!" alisema Pak Harjito, na kicheko cha pili kikawa kikubwa kuliko cha kwanza.

Usiku alimuuliza kwa nini. Pak Harjito alijibu kwa wema kabisa, akijifunika shuka. "Si utani tu? Ningewaambia nilikataa hospitali kwa ubahili, wangenionaje? Wewe huna cha kupoteza."

Hakika hakujua anachosema. Hadithi ile aliirudia kwenye kahawa, msibani, uani mwa msikiti, na kila mara aliitia chumvi. Akampa na jina, Daktari Sarafu. Watoto wakalishika, kisha wakubwa. Mvua za mwaka huo zilipoanza, watu walipiga miayo majumbani mwao na kwenda dukani kununua vidonge. Mke wa imamu alimpeleka mwanawe kwa mkwanguaji wa mtaa wa pili, akapitia mlango wa nyuma ili asionekane. Bu Kasminah alimwona. Mafuta ya kuchua yalikaa chupani bila kupungua, na sarafu ikaanza kushika kutu ya kijani.

Alivumilia mpaka Idi. Siku hiyo huku kwetu mke hupiga magoti mbele ya mumewe, huinamisha paji la uso kwenye magoti yake na kuomba radhi kwa makosa ya mwaka, na mume naye huomba ya kwake. Bu Kasminah alikuwa na matumaini na siku hiyo. Alidhani mtu hawezi kusema uongo huku mwenzake amepiga magoti. Wageni walikuwa wamejaa, Endah amekuja kutoka Batam. Akapiga magoti, akainama, akasema maneno yote ipasavyo.

Pak Harjito akamwekea mkono kichwani. "Nimekusamehe," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Yote. Hata kutaka kuniua Bangkok."

Walicheka. Endah pia alicheka, naye ndiye aliyeilipa ile bili. Bu Kasminah alikaa pale chini muda mrefu kuliko desturi inavyotaka, mpaka Bu Lasmi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akamshika bega. Alipoinuka uso ulikuwa mkavu. Hakuomba tena kitu baada ya hapo, na Pak Harjito akaona amani imerudi nyumbani.

Kisha ikaja harusi ya binti wa muuza tofu. Watu wote wa kichochoro walikuwa huko, wanawake jikoni, wanaume kwenye viti, vipaza sauti vinapiga muziki mpaka vikombe vinatetemeka. Adhuhuri ilipita, upawa mkubwa ukakosekana, na Bu Kasminah akarudi nyumbani kuuchukua. Akamkuta Pak Harjito kwenye kiti chake, amevaa nusu, batiki haijafungwa vifungo, mkono kifuani. Jasho lilikuwa lile lile.

"Mama Endah. Vidonge. Kotini."

Koti lilining'inia kwenye msumari wa mlango. Bu Kasminah alilitazama, akamtazama mumewe.

"Umeingiwa na upepo," akasema.

"Si upepo! Unajua si upepo! Hospitali!"

"Mimi nitajuaje, baba Endah? Mimi si Daktari Sarafu?"

Alikwenda kabatini, akaleta chupa ya mafuta na sarafu. Akamvua shati taratibu kama anavyomvua mtoto mwenye homa, akamlaza kifudifudi kwenye mkeka. Hakuwa na nguvu za kumzuia.

"Kasminah," alisema. Tangu wazae hakuwahi kumwita kwa jina lake.

"Niambie kwanza. Bangkok, nani alitaka hospitali?"

Pak Harjito alihema. Mdomo ule uliochekesha mtaa mzima ulikuwa umebanwa kwenye mkeka. "Wewe," akasema. "Ulikuwa wewe. Uliniokoa. Nitawaambia wote, leo hii, harusini, naapa."

"Asante," alisema Bu Kasminah, na alishukuru kweli, machozi yalimtoka. Maneno yale alikuwa ameyangoja kwa hamu, na sasa yamesemwa hakuna aliyeyasikia ila yeye na kuta. "Tulia, baba Endah. Upepo unatoka."

Akakwangua. Hakuharakisha, hakuumiza. Kutoka uti wa mgongo kwenda ubavuni, mistari imenyooka kuliko yote aliyowahi kuchora, na hakuna hata mmoja uliokuwa mwekundu. Koti halikuguswa. Alipofika kiunoni mgongo ulikuwa umetulia. Akaifuta sarafu, akamfunika, akatoka barabarani kupiga mayowe, na muziki ukazimwa.

Wanaume waliomwosha waliiona mistari ya kijivu na mafuta mgongoni, na wakatoka wakitikisa vichwa. Habari ikaenea kwa waombolezaji kabla jeneza halijatoka. Hakuna aliyecheka. Bu Lasmi alikuja akaketi karibu yake, akamshika mkono uliokuwa bado unanuka mafuta ya kuchua.

"Usijilaumu, Bu Kas," alinong'ona. "Ulifanya kile unachokijua. Hata marehemu mwenyewe alikuwa anasema, ukishashika sarafu yako, husikii la mtu."

"Ndiyo," alisema Bu Kasminah. "Mlimsikia wenyewe."