Jua la Mgao

Kitu cha kunishangaza mimi hakijazaliwa. Niliingia Kariakoo na kaptura moja na darasa la tatu ambalo sikulimaliza. Nimebeba magunia, nimelala juu ya meza za wauza mchicha, nimeuziwa sukari yenye mchanga na mchanga wenye sukari. Nimemwona tajiri akiomba nauli, nikamwona mwombaji akiezeka nyumba Magomeni. Hakuna aliyenishika mkono. Kwa vidole hivi hivi nilijifundisha kushona magodoro ya sufi, na wala sisemi uongo nikisema kwamba nusu ya watoto wa mitaa ile safari yao ilianzia juu ya godoro langu.

Mimi mwenyewe nililala kwenye mkeka. Kinyozi hajinyoi, na sufi yote niliyoipata ilikuwa ya wateja.

Miaka ile ya Ujamaa nilipochumbia, nilichumbia binti wa watu wa Kilwa, aliyekuwa akiuza vitumbua asubuhi pembeni ya viwanja vya Mnazi Mmoja. Ndoa ikapangwa Ijumaa ya mwisho ya Shaabani. Ijumaa hiyo ikipita ni mwezi wa Ramadhani, na katika mfungo nani anaoa? Tena mama wa binti, aliyekuja kwa ajili ya shughuli, alishasema kuwa akirudi Kilwa bila kuozesha atarudi na bintiye. Huko Kilwa kulikuwa na mtu mwenye minazi anayemsubiri. Kwa hiyo ni Ijumaa ile au basi.

Kwetu pwani mwanamwali ana somo wake, mama mtu mzima anayemfunda na kumsimamia mpaka ndani. Somo huyu alikuwa mfupi, mnene, na macho yake hayakupepesa. Alinijia barazani, nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Sisi hatutaki kabati, hatutaki redio. Tunataka kitanda chenye godoro jipya. Alhamisi nitakuja kulikalia. Nikilikalia nikaridhika, Ijumaa mwali anakuja. Nisiporidhika, haji."

"Mama," nikamwambia, "fundi wa magodoro mji huu ni nani?"

"Ndiyo maana nakuja kulikalia," akasema, akajifunga kanga yake akaondoka.

Nilitangaza mtaa mzima kwamba godoro langu litakuwa nene hata bibi harusi atahitaji ngazi. Nilikuwa na magunia manne ya sufi kutoka Rufiji, nimeyaweka kwa ajili yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani. Kilichobaki ni jua tu. Sufi isiyoona jua ukiishindilia hushikana mabonge, na wiki haipiti chumba kinanuka kama kiatu cha askari. Siku mbili za jua kali zinatosha. Nani angenyimwa siku mbili za jua Dar es Salaam?

Mimi nilinyimwa. Masika ya mwaka ule yalikuwa kama mgeni aliyekwisha aga akarudi kukaa. Mvua yenyewe kubwa ilikwisha. Yalibaki manyunyu, na wingu moja la kijivu lililokaa juu ya mabati kama kifuniko cha sufuria. Kanga zilianikwa Jumatatu na kuanuliwa Jumatano zikiwa bado mbichi. Kiberiti hakikuwaka. Chumvi ilikuwa maji. Watu hawakuulizana tena habari za nyumbani, waliulizana habari za jua.

"Leo litatoka?" Ndiyo ilikuwa salamu yangu kwa muuza kahawa, aliyeweka dele lake kila asubuhi kwenye baraza ya nyumba niliyopanga.

"Litatoka. Alfajiri nimeliona linachungulia upande wa Ilala."

"Tangu lini jua likachomoza Ilala, magharibi?" akauliza jirani yangu wa Moshi, mwenye duka la vyombo pale mkabala. Alikuwa akivuka barabara kila siku kuja kunywa kikombe kimoja na kubishana vikombe vitatu.

"Nimesema limechungulia. Nimesema limechomoza?"

"Nyie watu wa pwani mnadeka. Kwetu mlimani hii hatuiiti mvua. Mtoto akitoka nje hali ikiwa hivi, mama yake anamtuma kuni kavu, na anazileta."

"Basi na jua letu kachukueni huko mlimani mtuletee."

"Jua siku hizi ni la mgao," mwenye duka akasema. "Limegawiwa mikoa mingine kwanza. Dar mtaambiwa."

"Au ni kama bwana mkubwa wa ofisini," muuza kahawa akadakia. "Koti lipo kwenye kiti, mwenyewe ametoka kidogo, njoo kesho."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekwisha simama, nimekwenda mpaka pembeni ya barabara, nimetazama juu, nimerudi. Kukaa sikuweza. Nikikaa nasikia kama sufi inalowa kule chumbani. Nilikuwa naingia, natia mkono ndani ya gunia, nachota, naiweka shavuni. Baridi. Natoka tena.

"Bwana harusi," muuza kahawa akaniita, "sema kweli mbele ya mashahidi. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unakula ukoko kwenye sufuria?"

Watu wetu wanaamini kuwa mla sufuriani harusi yake hunyeshewa. Kila mtoto amefukuzwa jikoni kwa maneno hayo.

"Kwetu hapakuwa na sufuria," nikamjibu. "Tulikuwa na chungu."

"Loo! Chungu ndiyo mbaya zaidi. Hiyo mvua itakufuata mpaka mwanao wa tatu."

Jumatatu nilidanganyika. Saa nne hivi kukawa na mwanga wa njano kwenye mabati, kuku wakatoka, wanawake wa uani wakapiga vigelegele vya utani: "Hilo! Hilo, shemeji, likamate!" Nikatoa gunia mbio, nikatandaza mkeka, nikamwaga sufi. Sikuwahi hata kunyoosha mgongo. Manyunyu yakarudi, laini, hayana hata sauti, kama mtu anayekupulizia mate akizungumza. Nilikumbatia sufi kifuani nikarudi nayo ndani, ndevu zangu nyeupe kama mzee wa miaka tisini.

"Babu, shikamoo!" mwanamke mmoja akanipigia kelele kutoka bombani, na wenzake wakaangua kicheko.

Hapo ndipo akili iliyonitoa kwetu na kaptura moja ilipofanya kazi. Mtu wa shule angekaa kusubiri jua, mimi nikatafuta joto. Kulikuwa na tanuri la mikate Mchafukoge, na mpishi wake nilimshonea godoro zamani. Wao wanaoka usiku, mikate ya hospitali na jeshi tu. Mchana tanuri limelala lakini mgongo wake bado una moto. Nikamfuata.

"Sufi? Juu ya tanuri?" akanishangaa. "Cheche moja tu, bwana, mimi na wewe tutatoka humu tumeiva pande zote mbili."

"Nitakaa nayo mwenyewe. Na mito miwili nitakushonea bure."

Aliinama akafikiri. Shingo yake ilikuwa ya mtu asiye na mto.

Jumanne na Jumatano nilishinda mle ndani, nimechuchumaa juu ya tanuri nageuza sufi kwa mikono, jasho linatiririka, na kila mara nachungulia dirishani kutazama lile wingu. Nilikuwa nalisimanga. Kaa huko, nikaliambia, mimi sikuhitaji. Na sufi ikakauka, wallahi, ikawa nyepesi, ukiikoholea inaruka. Sijapata kuona sufi nzuri kama ile kabla wala baada.

Alhamisi asubuhi nikashona. Nikajaza kitambaa kipya cha mistari, nikapiga sindano ndefu pembe kwa pembe, nikafunga mafundo, nikaliweka kitandani. Lilikuwa limetuna kama mtu aliyeshiba pilau. Nikafungua dirisha ili wapita njia wakitaka kuona waone.

Dirisha ndilo lililoniponza. Mimi nilikuwa nimeshinda siku mbili kwenye tanuri, pua ilikwisha zoea. Sikujua kwamba godoro zima linanuka mkate wa moto.

Na ilikuwa wiki ya tatu hakuna mkate madukani.

Akaja kwanza mama wa chumba cha pili. "Shemeji," akanong'ona, "nibakizie hata nusu."

"Nusu ya nini?"

"Aa, shemeji. Na mimi nina watoto."

Akasimama mlangoni, hakuondoka. Mwingine akamwona amesimama, akasimama nyuma yake na kikapu. Miaka ile mtu alikuwa haulizi foleni ni ya nini. Ukiona mgongo unausimamia, utauliza ukifika mbele. Nilipomaliza kupiga ufagio chumbani nikachungulia: foleni imetoka mlangoni, imepita barazani, imemzunguka muuza kahawa na dele lake, inaelekea barabarani. Watu wamejifunika mifuko ya nailoni kichwani kwa ajili ya manyunyu, wametulia, wanaongea habari za hewa.

"Hakuna mkate hapa!" nikapaza sauti.

Nilikosea. Wakati ule mwenye duka akisema hakuna, ndipo unajua kipo. Foleni ikajibana.

"Anasema hakuna," mmoja akawaambia wa nyuma kwa furaha. "Kaeni vizuri."

Sasa nani anatokea pale pembeni, mwavuli mkononi, kanga mbili, anatembea taratibu? Somo. Akaja moja kwa moja mpaka mlangoni, na mzee mmoja mwenye kikapu akamzuia kwa mkono.

"Mama, foleni inaanzia kule."

"Foleni ya nini? Mimi nimekuja kukalia kitanda cha huyu kijana."

Kisha sauti ya mwanamke kutoka nyuma ikasema, "Wote hawa?" na baraza zima likapasuka kwa kicheko.

Somo hakucheka. Nikamwingiza, nikafunga mlango, nje wakaanza kugonga kwamba naingiza watu kwa upendeleo. Akalitazama godoro. Akalibonyeza. Akakaa, akajirusha mara mbili, na uso wake ukalegea, nikajua nimeshinda. Akavuta pumzi. Akavuta tena. Akainama akalinusa kama anavyonusa nyama sokoni.

"Mwanangu, huyu mwali analetwa kulala, au kupakwa siagi?"

Nikamweleza: masika, wingu, tanuri. Sijui kama alinisikia, kwa sababu sasa walikuwa wanapiga dirisha. "Mikate kaishonea ndani!" mtu akapiga kelele. "Kaificha kwenye godoro!" Hilo halikuwa neno dogo. Wakati ule mtu akisemwa anaficha vitu, alikuwa anaweza kulala mahali pasipo na godoro kabisa.

Balozi wetu wa nyumba kumi akaitwa. Alikuwa mtu wa haki, na ndilo lililokuwa tatizo lake. Akanusa, akakuna kichwa.

"Mimi nakuamini," akasema. "Lakini pua yangu haikuamini. Lifungue watu waone, waende zao."

"Balozi, kesho naoa!"

"Usipolifungua, kesho unahojiwa."

Nililibeba mimi mwenyewe mpaka barazani, kwa sababu chumbani watu wasingeenea. Nikashika wembe wangu. Nililipasua katikati, pale pale nilipokuwa nimepiga mshono mzuri kuliko yote, na sufi ikafumuka ikapanda juu kama moshi. Watu wakapiga mikono hewani kutafuta mikate. Hawakupata kitu. Kisha upepo ukageuka, manyunyu yakaingia barazani, na sufi ikaanza kushuka ikiwa imelowa, inawakaa watu kwenye nyusi na kwenye vikapu. Walinipa pole vizuri. Mama wa chumba cha pili hata alilia kidogo, sijui ni kwa ajili yangu au ya mkate.

Mimi nilikaa chini. Kwa mara ya kwanza wiki ile nilikaa.

Somo alisimama kizingitini, akakung'uta kanga yake. "Nakwenda kusali Alasiri," akasema. "Nikirudi nataka kukalia kitu. La sivyo, mama mtu anakata tikiti ya Kilwa."

Niliinuka nikavuka barabara. Jirani yangu wa Moshi alikuwa amesimama dukani kwake, ameona yote. Nyuma ya masufuria alikuwa na godoro moja la sponji ndani ya nailoni. Godoro halina sufi, halina uzi, linatoka kiwandani limekwisha kuwa godoro. Mimi nilikuwa nawaambia wateja kwamba sponji ni sifongo ya kuogea iliyokua.

"Bei yake?"

"Bei ya serikali mia sita na arobaini."

"Nipe."

"Serikali haina godoro leo. Ninalo mimi." Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Jirani, jua lingetoka ningekupunguzia."

Ningekuwa yeye ningefanya vile vile, kwa hiyo sikumlaumu. Nilikwenda kuvunja kibubu changu, nikarudi na mfuko wa sarafu na noti zilizokunjwa. Alasiri somo akakaa. Akazama, akapanda.

"Hili halina harufu," akasema.

"Halina, mama."

"Halina hata tabia." Akanyanyuka, akachukua mwavuli wake. "Haya. Kesho, baada ya sala ya Ijumaa."

Tuliozwa kwa manyunyu. Kanzu ilinigandia mgongoni, na muuza kahawa akaapa mbele ya shehe kwamba alfajiri aliliona jua. Mke wangu alilala usingizi mzuri, mimi nikakaa macho, nazoea.

Jua lenyewe lilitoka Ramadhani ikiwa siku ya nne, kali, la utosi, na sote tumefunga. Barazani watu wale wale walikaa kwenye kivuli chembamba cha ukuta, midomo mikavu, wakitazama juu: "Leo kutakuwa na wingu?"

Mke wangu huniuliza mpaka leo bei ya lile godoro. Humwambia ilikuwa ya serikali. Wewe msomaji nakwambia kweli, pamoja na kamba ya kulifungia: shilingi mia tisa na kumi na tano.