Mfungwa wa Verlin Cogar

Mimi sina subira, na mji mzima unalijua hilo. Marehemu mume wangu, Denzil, alikuwa akisema naweza kugombana hata na saa ya ukutani. Halafu akafa akaniachia biashara ya kungoja. Nauza bunduki, risasi, visu vya kuchunia na leseni za kuvulia samaki. Nyuma ya duka kuna chumba chenye mlango wa chuma, na humo naweka vitu ambavyo wenyewe wamekwisha kuvilipia lakini hawaruhusiwi kwenda navyo nyumbani. Viwambo vya bunduki.

Kiwambo ni mrija mweusi, urefu wake kama chupa ya bia, unaufunga mdomoni mwa bunduki na mlio unapungua. Walioshiba sinema wanadhani ni kitu cha wauaji. Upuuzi mtupu. Bunduki yenye kiwambo inalia vilevile, ila ule ukali unaopasua sikio ndio unaoondoka. Nasikia kuna nchi huko Ulaya wawindaji wanavinunua kama mtu anavyonunua jembe. Kwetu unalipia kiwambo, unalipa na kodi yake, unapiga picha, unachukuliwa alama za vidole vyote, makaratasi yanakwenda serikalini, halafu unakaa. Unakaa weee. Mpaka kibali kije, kiwambo kiko kwangu, na sisi tunasema kiko jela. Wenyewe huja kukitembelea. Ndiyo, watu wazima na ndevu zao, wananiomba nifungue mlango wa chuma wakishike kidogo, wakipime uzito, wanirudishie. Nimeshamwona mmoja akikipungia mkono wa kwaheri.

Hao nawacheka. Verlin Cogar simcheki.

Tulisoma naye darasa moja, Verlin, kule shule ya chini karibu na mto, kabla haijabomolewa. Alipotoka shule akaingia mgodini kama baba yake, akakaa ubavuni mwa mashine ya kukata makaa ujana wake wote, na mashine hiyo ikamla sikio la kushoto. Mgodi ulipofungwa akawa mwashi. Ukipita barabara yetu ukaona dohani iliyonyooka, jua ni ya Verlin. Mkewe ni Oleta, ambaye ugonjwa wa sukari ulimpofua akiwa bado kijana wa kucheza dansi. Watoto hawakujaliwa. Wanakaa wawili tu mwisho wa bonde, mahali ambapo simu ya mkononi haishiki, pamoja na kuku wa Oleta na mbwa mzee asiyebweka.

Sasa wale wawili, walikuwa wakiongea! Sijapata kuona watu wanaongea vile. Wenzao wa umri wao wanakaa kwenye kibaraza wakiangalia nyasi, wao ni porojo tangu asubuhi. Oleta akikaa kanisani, ni upande wa kulia wa Verlin. Kwenye gari, kulia. Anasema naye kwa sauti ya chini kwenye sikio lile zima, mzee anacheka peke yake kama mwehu, na mchungaji anapoteza mstari wake. Niliwaonea wivu, nasema kweli. Denzil wangu alikuwa mtu mwema lakini aliongea kama analipia kila neno.

Basi mwaka mmoja sikio la kulia nalo likaanza kuvuma. Wakaenda kwa daktari wa masikio mjini Charleston, makao makuu ya jimbo letu. Daktari akampa kidude cha kusaidia kusikia, akamwambia wazi: hili ndilo lililobaki, na mlio mmoja mkubwa wa karibu unaweza kulimaliza. Mwingine angesema potelea mbali, nitasoma midomo, nitaandikiana na mke wangu. Lakini Oleta akishika kalamu anaandika mstari juu ya mstari, hata kama angeona, mwenyewe asingeweza kuisoma. Na midomo yake haifunguki sana akisema. Verlin alijaribu kujifunza kuisoma, akawa anashika neno moja na mengine anabuni, naye hubuni vibaya. Sikio lile lilikuwa ndiyo nyumba yao. Likienda, wamebaki watu wawili kwenye vyumba viwili.

Wazo la kiwambo lilikuwa la Oleta. Verlin alitaka kuziuza bunduki zote. Oleta akasema nyama ya kulungu ndiyo wanayokula kipupwe chote, na mbweha wanamaliza kuku, na tena mwanamume asiyewinda kule bondeni atakaa ndani amchoshe. Vifuniko vya masikio alikuwa amevijaribu msimu uliopita. Alikaa msituni kiziwi kama gogo, kulungu wakampita mgongoni. Kwa hiyo wakaja dukani kwangu wameshikana mikono, wakachagua kiwambo, nikawajazia makaratasi, nikakifunga chumbani. Nikamwambia Verlin asitegemee kabla ya majani ya miti kuanguka, kama Oktoba hivi.

Kipupwe kikapita, masika ikapita. Kiangazi makaratasi yakarudi. Alama za vidole hazisomeki! Saruji, jamani. Mtu aliyejenga kwa mikono mitupu miaka yote hiyo, ncha za vidole zimekuwa laini kama sahani. Hakuna alichodanganya, hakuna alichoficha, kosa lake ni kufanya kazi. Na ukirudishiwa makaratasi, hupewi nafasi yako ya zamani. Unakwenda nyuma ya mstari, uanze upya.

Verlin akaacha kazi ya saruji ili ngozi iote. Kila jioni Oleta akampaka mafuta yale ya kopo la kijani, ya kupaka viwele vya ng'ombe, akamvalisha soksi mikononi alale nazo. Mimi nilimtania kwamba safari hii serikali itadhani imeletewa vidole vya bibi harusi. Alicheka, lakini kidogo. Ofisini kwa sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya yetu, wakachukua alama zake mara nyingi mpaka zikatoka, makaratasi yakaenda tena.

Ofisi yenyewe inayotoa vibali iko jimboni humu humu, upande wa pili wa milima. Siku moja hao wawili wakapanda gari bila kuniambia, wakaenda. Walidhani kuna dirisha, na nyuma ya dirisha kuna mtu, na mtu akimwona Oleta na akimsikia Verlin akiuliza kwa adabu, ataelewa. Ndivyo tulivyolelewa huku. Ukiwa na shida unakwenda kwa mwenyewe, unavua kofia, unasema. Mlinzi wa getini aliwaeleza kwa upole kwamba hapo hapana dirisha la watu. Wakala mikate yao ndani ya gari, wakarudi milima yote ile. Niliposikia nilitamani kulia na nilitamani kumpiga mtu.

Mimi nilikuwa napiga simu. Muziki, mashine, muziki tena, halafu kijana fulani mwenye sauti nzuri ananiambia, "Bado linashughulikiwa, mama." Neno hilo nimelichukia mpaka leo. Mchungaji wetu akamwambia Verlin subira yavuta heri. Nikamwambia mchungaji, mbele ya watu, kwamba na ngojangoja huumiza matumbo, na yeye masikio yake yote mawili ni mazima.

Novemba ikafika. Huku kwetu Jumatatu ya kufungua msimu wa kulungu hata shule hufungwa. Ijumaa ya kabla yake Verlin akaja peke yake. Nikamfungulia mlango wa chuma kama kawaida, akakishika kiwambo, akakizungusha. Duka langu liko katikati ya mji, limebanana na kanisa la Wabaptisti, sina mahali pa kulengea shabaha, hivyo hata mlio wake alikuwa hajawahi kuusikia. Akasema bila kuniangalia, "Twila, niazime Jumatatu moja tu. Jioni nakirudisha."

"Verlin, nikikupa, tunakwenda jela mimi na wewe. Jela ya kweli. Oleta utamwachia nani?"

"Najua," akasema. "Nilitaka tu nisikie mtu akinikatalia uso kwa uso."

Sheria ni msumeno, na mimi nimesaini jina langu. Akakirudisha rafuni mwenyewe. Jumatatu ile hakuwinda, mara ya kwanza tangu utotoni. Walikaa kibarazani na kahawa, bunduki za watu zikilia milimani naye hazisikii, na Oleta akimweleza sikioni: hiyo ya upande wa mto, hiyo ya kwa kina Hamrick, huyo amekosa maana amepiga tena. Majirani wakawaletea paja la kulungu. Verlin alishukuru, lakini hakulipenda.

Na mwezi Machi ndipo yakatokea. Aliyenisimulia ni Oleta. Asubuhi alitoka kwenda kuwapa kuku chakula. Verlin alikuwa amemfungia kamba kutoka nguzo ya kibaraza hadi bandani, huifuata kwa mkono. Alikuwa katikati ya kamba akasikia kitu kinakohoa. Akasimama. Akadhani ni mbwa wao, akamwita. Kumbe ni mbweha aliyeingiwa na kichaa, anatokwa mate, anamjia mchana kweupe huku anayumba. Verlin alimwona kupitia dirisha la jikoni, na mkononi ana kijiko.

Juu ya mlango kulikuwa na bunduki ile ile ya kulungu. Kidude cha sikioni kilikuwa sikioni. Vifuniko vya masikio vilikuwa ghalani, huko mbali. Angetoka nje, akimbie, alenge, mbweha angekuwa amekwisha kumfikia Oleta. Alipiga hapo hapo mlangoni, nusu mwili uko jikoni, chini ya paa la bati.

Mbweha alianguka hatua chache kutoka kwenye sketi ya Oleta. Oleta akaanza kuita. Hakujua kilichopigwa ni nini wala aliyepiga ni nani. Aliita Verlin, Verlin, umeumia? Kimya. Akaita tena, akaifuata kamba kurudi huku anapiga kelele, akiamini kwamba mumewe amekufa. Kumbe Verlin alikuwa amesimama pale pale mlangoni, hai, ameshika bunduki, anamwangalia mkewe akija na mdomo wazi. Yeye naye alidhani Oleta ameng'atwa. Walipofikiana walipapasana mwili mzima kama watu wanaotafuta funguo gizani, kila mmoja akimuuliza mwenzake swali lile lile, na mmoja tu ndiye aliyekuwa akisikia.

Charleston wakawaambia wangoje, huenda likarudi kidogo. Halikurudi.

Kibali kilikuja Mei. Nilipofungua ile barua nilikaa kwenye kiti cha Denzil nikatukana matusi ambayo sikujua nayajua. Nikapiga simu yao ya waya ya nyumbani, Oleta akapokea, nikamweleza. Akaniuliza amwambieje. Ndipo nikajua wanavyoishi sasa. Anamshika mkono. Akimbana mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Verlin anauliza, Oleta anabana. Una njaa? Kuna baridi? Nizime taa? Porojo zote zile, utani wote ule wa kanisani, imebaki ndiyo na hapana. Oleta alisema jambo linalomuuma zaidi ni kwamba mzee naye ameanza kuuliza machache.

Walikuja dukani siku ya pili. Nilidhani Verlin atakikataa kiwambo. Alisaini karatasi ya mwisho, akakipokea kwa mikono miwili, akaniambia asante kwa sauti kubwa mno, kama wanavyosema watu wasioisikia sauti yao wenyewe. Sikuwa na la kufanya na moyo wangu, nikafunga duka mchana, nikachukua sufuria langu la maharage na mkate wa mahindi, nikawafuata bondeni.

Tulipofika Verlin hakungoja hata kula. Akaweka kopo la rangi juu ya kisiki kule kwenye mteremko, akafunga kiwambo mdomoni mwa bunduki, taratibu, anakaza kwa vidole. Oleta alisimama naye, mimi nyuma yao. Nikataka kuziba masikio kwa mazoea, nikaacha. Akapiga. Na lo, kilikuwa kizuri. Ulikuwa mlio mnene, mfupi, kama mtu amefunga mlango wa gari zuri. Kuku hawakushtuka. Kopo liliruka. Sikio lolote lingeuvumilia mlio ule, hata lile lake.

Verlin aliliangalia kopo, akaiangalia bunduki. Akamgeukia mkewe, akanyoosha mkono.

"Mlio wake ukoje?" akauliza. "Oleta. Niambie mlio wake ukoje."

Oleta akaupokea mkono ule. Akafungua mdomo, akafunga. Akageuza uso upande wangu. Mwishowe akambana mara moja.

Verlin akatikisa kichwa kukubali. Lakini mkono hakuuondoa. Aliuacha pale pale ndani ya mkono wa mkewe, anangoja yaliyobaki.