Mkojo wa Shangazi

Mume wangu ni saisi. Kazi yake ni kumlisha farasi, kumsugua, kumtembeza na kumsafishia chumba, na ameifanya kwa miaka ishirini na mbili bila kuandikiwa kosa hata moja. Farasi anayemtunza sasa ni jike wa rangi ya kahawia. Mazizini wanamwita Shangazi, kwa sababu akikasirika hununa siku mbili na huwezi kumwambia kitu. Wawili hao ni chanda na pete. Nina hakika habari za nyumba yangu Shangazi huzisikia kabla yangu.

Basi Shangazi akashinda mbio, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe. Mshindi lazima apimwe. Hupelekwa chumba cha vipimo, saisi akampigia mluzi wa taratibu hadi akojoe, mpimaji akakinga kikombe, kisha saisi akatia sahihi. Mume wangu alirudi nyumbani siku hiyo akijisifu kwamba Shangazi alikojoa kabla hata mluzi wa kwanza haujaisha. Wiki tatu baadaye ikaja barua. Mkojo ule umekutwa na dawa ya maumivu. Saisi afike kikaoni na kadi yake ya kazi, na asipoweza kueleza dawa hiyo iliingiaje, kadi itachukuliwa na hataruhusiwa kumgusa farasi tena.

Nilimketisha jikoni.

"Umempa nini?"

"Sijampa kitu."

"Na ile ya kikohozi?"

Ya kikohozi ni kweli alipewa. Daktari wa farasi alisema huchukua siku kumi na nne kuisha mwilini, na kabla ya hapo asikimbie. Mume wangu huwa anachora mstari wa chaki mlangoni mwa farasi kila alfajiri, tangu siku ya dawa hadi siku ya mbio, mstari mmoja siku moja, na mistari ile ilikuwa bado ipo. Tukaenda kuihesabu. Tulihesabu mara tatu, tukapata kumi na tisa mara mbili na kumi na nane mara moja, na hiyo mara moja ikamkosesha raha wiki nzima.

Daktari alipopigiwa simu akatuchanganya zaidi. Alisema dawa ya kikohozi ilishaisha, haimo kabisa. Iliyoonekana ni nyingine, yenye jina refu, ambayo yeye hajawahi kumwandikia farasi yeyote. Hiyo, alisema, ni ya watu.

Hapo nilipotea. Mume wangu akaanza kumshuku muuza chakula cha farasi, kisha saisi wa chumba cha jirani, kisha mkufunzi aliyemfundisha Shangazi kukimbia. Mkufunzi naye alikuwa anamshuku yeye. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimshuku mume wangu pia. Farasi ambaye hajawahi kushinda hata mara moja, ghafla anawaacha wenzake nyuma, wewe ungefikiri nini?

Siku tatu kabla ya kikao mume wangu aliniomba kidonge chake cha mgongo. Mgongo ulimsumbua kwa miezi miwili, na anayemchukulia vidonge dukani ni mimi. Juu ya boksi pameandikwa jina fupi kwa herufi kubwa. Sijui nini kilinituma siku hiyo kukunjua kile kikaratasi cha ndani ambacho hakuna anayekisoma. Humo mlikuwa na jina jingine, refu. Nikaenda kuleta barua, nikaviweka pamoja, nikafuata herufi moja moja kwa kidole. Lilikuwa jina lile lile.

"Umempa Shangazi vidonge vyako," nilimwambia.

"Naapa kwa kaburi la mama. Kila kidonge nimemeza mwenyewe, na wewe umeniona."

Kweli nilimwona, maana hata maji ya kumezea huletewa na mimi. Sasa dawa iliyomezwa na mwanamume jikoni kwangu inatokaje kwa farasi? Nililigeuza swali hilo huku na huku mpaka kichwa kikaniuma. Nikahisi ama mimi mjinga, ama maabara ina wazimu, ama nimeolewa na mwongo hodari kuliko wote.

Asubuhi nikamfuata kazini bila taarifa, chupa ya chai mkononi iwe kisingizio. Nikasimama pembeni ya mlango wa Shangazi. Alikuwa anafagia. Mara akaweka ufagio chini, akachungulia kushoto na kulia, akaelekea kona ya chumba, akaanza kupiga mluzi. Nikadhani anamkojoza farasi. Kumbe anayekojoa ni yeye.

Alipomaliza, Shangazi akasogea, akanusa majani makavu ya kona ile, akaanza kuyatafuna bila haraka, kama mtu aliye mezani kwake.

"Unafanya nini wewe?"

Aliruka nusura aangukie ndoo. "Choo kiko mbali," alisema. "Masaisi wote tunafanya hivi."

"Na huwa anayala hayo majani?"

"Ya kona hii anayapenda sana. Sijui kwa nini."

Tukatazamana. Nilimwona akielewa polepole, na uso wake ukamshuka.

Daktari alicheka kwenye simu, halafu akaacha kucheka. Alisema dawa hutoka na mkojo wa mtu, farasi huila pamoja na majani, na mashine za maabara huona hata kiasi kidogo mno. Akatuambia tukaseme hivyo hivyo. Lakini mume wangu akagoma. Mezani pale wangekuwepo wanawake, mmoja rika la binti yetu mkubwa.

"Afadhali kadi iende," alisema.

"Mficha uchi hazai."

"Tumeshazaa watatu. Wanatosha."

Kikaoni walikuwa watu watatu mezani, na mwenyekiti alikuwa mama wa miwani. Mume wangu alisimama, akaweka kadi mbele yao, akanigeukia ili nimsemee. Nikatazama dari.

"Huwa nakojoa chumbani mwake," alisema.

"Kwa muda gani?"

"Miaka ishirini na mbili. Si chumbani mwake yeye tu."

Mkufunzi alikuwa anavichunguza viatu vyake. Daktari akaeleza yaliyobaki, na mwenyekiti akamuuliza kama kiasi kile kingeweza kumsaidia farasi kukimbia.

"Hapana. Kisingemsaidia hata paka."

Wakatoka, wakarudi. Saisi amepewa onyo, kadi ni yake. Ushindi wa farasi umefutwa, kwa kuwa sheria inauliza kilichomo kwenye mkojo, haiulizi kilifikaje. Mimi nilishusha pumzi. Mume wangu akabaki amekunja uso.

"Samahani mama, sijaelewa. Aliyekosa ni nani?"

"Ni wewe."

"Na dawa haikumsaidia."

"Haikumsaidia."

"Kwa hiyo alishinda kwa miguu yake mwenyewe."

"Ndiyo."

"Sasa mbona mnamnyang'anya yeye?"

Mwenyekiti alivua miwani, akasema sheria ndivyo ilivyo, akamsogezea kadi yake. Mume wangu akaitazama, kisha akairudisha mbele ya mwenyekiti kwa vidole viwili.

"Basi chukueni hii," alisema. "Yeye mrudishieni ushindi wake."