Robo na Waraka wa Usawa

Jina la Robo alipewa na mafundi wenzake wa idara ya maji. Kila vali aliifungua robo mzunguko, akatega sikio kwenye chuma, akasubiri hewa itoke, ndipo akaongeza robo nyingine. Miaka ishirini na sita hiyo. Waliofukia mabomba ya mji walikufa bila kuacha ramani, na iliyobaki ilikuwa kichwani mwake. Alianza na mlimani, kwenye hospitali. Tanki la huko likijaa, ndipo akawageukia wa bondeni.

Kisha akaletwa meneja mpya, bwana wa tai na slaidi, ambaye vali alikuwa ameiona pichani tu. Hata kiti hakijapata joto, akatoa waraka: mitaa yote ifunguliwe saa kumi na mbili asubuhi, kwa pamoja, mpaka mwisho. Akauita Usawa. Makaratasi huwa na usawa wa ajabu. Vilima havijui kusoma.

"Bosi," Robo alisema mkutanoni, "ukifungua zote, bondeni watayamaliza maji. Mlimani itapanda hewa tupu. Mdogo wangu anasafishwa damu kule Jumatatu na Alhamisi. Ile mashine bila maji ni sanduku tu."

"Mzee, ngoja ngoja huumiza matumbo," meneja akajibu. Wakuu wa vitengo wakacheka, maana kucheka ndiyo kazi waliyoimudu.

Jumatatu vali zikafunguliwa zote. Bondeni watu wakaosha magari na kunywesha maua. Mlimani mabomba yakakohoa, yakanyamaza. Saa mbili na nusu simu ya Robo ikalia. Alikuwa mdogo wake, fundi cherehani.

"Kaka, wanasema turudi nyumbani. Miguu imevimba, viatu haviingii."

"Usitoke hapo. Kaa papo hapo."

Robo aliogopa, na akakasirika. Hakuomba ruhusa ya mtu. Akabeba ufunguo wake wa vali, nondo ndefu inayomfika kifuani, akazifunga vali za bondeni moja baada ya nyingine, kisha akaifungua ya mlimani robo kwa robo, sikio kwenye chuma. Saa saba mchana tanki la hospitali likaanza kujaa, na mdogo wake akaunganishwa kwenye mashine.

Jumanne meneja akaandika ripoti: waraka umefanikiwa, ila kwa hitilafu iliyoletwa na mtumishi mmoja mkaidi. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa bondeni, na alikuwa amekatikiwa maji akiwa na sabuni usoni. Akamwita Robo.

"Umevunja waraka. Kuanzia leo ufunguo utakaa ofisini kwangu."

Robo akaulaza juu ya meza, juu ya waraka wenyewe.

"Sawa, bosi. Keshokutwa Alhamisi mdogo wangu atakuwa kitandani kule mlimani. Utafungua wewe?"

Meneja akaunyanyua ule ufunguo kwa mikono miwili, akaugeuza huku na huku, kisha akauliza upande upi ndio unaoingia kwenye vali.