Kidonge Nilichokifuata Kikole

Watu hurudi ukweni kwa harusi au kwa msiba. Mimi nilirudi Kilwa kutafuta jina la kidonge.

Nina kifafa tangu ujana wangu, na sioni haya kukitaja, kwa maana mficha maradhi kilio humuumbua. Nilifundisha shule ya msingi Kikole, wilayani Kilwa, nikaolewa hukohuko, na mume wangu Bakari alipofariki nikarudi kwetu Rutamba kulima mikorosho. Miaka yote hiyo dawa yangu ilinitosha. Mwaka huu maradhi yamerudi kwa nguvu. Nimeanguka jikoni, mkono ukaingia kwenye makaa, na tangu siku hiyo mdogo wangu Zainabu haniachi na moto peke yangu.

Daktari wangu wa Lindi, binti mpole asiye na haraka, alisema kuna dawa mbili anazoweza kuniongezea. Nikamweleza kwamba zamani, nikiwa Kikole, dawa fulani ya kifafa ilinibabua ngozi mwili mzima, nikalazwa Kilwa nusura nife. Akaweka kalamu chini. Alisema mtu aliyebabuka vile akirudishiwa dawa ileile inaweza kumuua, kisha akaniuliza ilikuwa inaitwaje. Nikamjibu kwamba vilikuwa vidonge vyeupe.

"Mama," akasema, "vyeupe ni karibu vyote."

Aliipigia simu hospitali iliyonilaza, ambayo sitaitaja kwa sababu shida hii si yake peke yake. Aliambiwa mafaili ya zamani ni ya makaratasi, hayamo kwenye kompyuta, aje mgonjwa mwenyewe. Kadi yangu niliyokuwa nayo nyumbani ililiwa na mchwa zamani. Basi ikabidi niende.

Siku ya safari tuliondoka Rutamba alfajiri, mimi na Zainabu, yeye akiwa amebeba kanga mbili za ziada za kuniwekea chini ya kichwa nikianguka njiani. Mikorosho ilikuwa imechanua, na wakulima walikuwa wameanza kupuliza salfa ya kukinga maua na ukungu, vumbi lake limetanda juu ya mashamba. Lindi mjini tulipanda basi la kaskazini. Zainabu alimweleza kondakta hali yangu kabla hatujakaa, naye akatupa kiti cha mbele bila maneno mengi. Nilimshukuru moyoni. Wapo makondakta ambao wangenishusha.

Baada ya Mchinga nilianza kuhesabu madaktari walionitibu maishani, nikaacha. Kila mmoja aliniuliza yaleyale: ulianza lini, unaanguka mara ngapi, umewahi kutumia nini. Kila mmoja aliandika. Hakuna aliyeyaona ya mwenzake, na mimi ndiye niliyetakiwa kuyabeba yote kichwani, kichwa hichohicho kinachougua. Tulipovuka Mto Mbwemkuru, Zainabu aliniuliza mbona nimenuna. Nikamwambia nafanya mazoezi ya kuongea na karani.

Hospitalini karani wa kumbukumbu alikuwa kijana mstaarabu, nikakosa wa kugombana naye. Alitusikiliza, akaingia stoo, akakaa humo mpaka tukadhani ametutoroka. Alirudi na vumbi kwenye nyusi, mkononi ameshika faili lenye jina langu. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti mpaka waliokuwa kwenye foleni wakageuka.

Daktari wa zamu alilisoma mbele yangu. Tarehe ilikuwapo. Homa ilikuwapo, na vidonda vya mdomoni. Chini, kwa mwandiko wa haraka, palikuwa pameandikwa hivi: mzio mkali wa dawa, dawa imesimamishwa. Ni dawa gani, hapakuwa na neno. Daktari alifunua kurasa zilizotangulia mara mbili. Akasema jina lingekuwa kwenye cheti cha dawa, na cheti hubaki dirishani pa dawa, na vyeti vya miaka ile havipo tena. Nilimwomba akisie. Akasema anayo moja anayoishuku, lakini kukisia na kuandika ni mambo mawili.

Nikaomba basi nipewe faili nimpelekee daktari wangu. Hapo nikaelezwa kwamba faili ni mali ya hospitali, halitoki, mpaka daktari wangu aandike kuliomba. Nilikasirika, siwafichi. Ugonjwa ni wangu, ngozi iliyotoka ni yangu, ila karatasi inayosema hivyo si yangu. Zainabu alinishika mkono akanitoa nje, maana hasira nazo huniangusha.

Mchana ule tulikaa kwenye benchi. Mwisho Zainabu akasema kwamba kwa kuwa tumefika hadi huku, si vizuri kurudi bila kumsalimia shemeji Selemani. Huyo ni mdogo wake marehemu mume wangu. Katika ndoa yangu yote hakuwahi kunisalimia bila kunitania, kama ilivyo haki ya shemeji. Aliwaambia watu kwamba kaka yake aliniokota shambani kwetu kwa Wamwera nikiwinda panya, nami nikawaambia kwamba yeye Wamatumbi wenzake walimkataa ndipo akaja kula kwetu. Basi tukapanda gari hadi Nangurukuru, na kutoka pale tukachukua bodaboda.

Kikole tulifika jioni. Selemani amekuwa mzee. Alitoka uani, akasimama, akasema, "Karibu, mwalimu." Nilingoja utani, haukuja. Tulipewa maji ya kunawa, tukala ugali wa muhogo na mbaazi za nazi. Zainabu akamchokoza, akamuuliza kama hawa ndio Wamatumbi waliokimbiwa na dada yake, naye akatabasamu akitazama chini. Shemeji asiyetania hutisha. Nilidhani ana msiba ambao hatujaambiwa.

Baada ya chakula nilimweleza kilichonileta. Aliisogeza sahani pembeni.

"Shemeji," akasema, "vidonge vile nilivinunua mimi."

Akasimulia taratibu. Bakari alikuwa safarini wakati ule, na hospitali ilikuwa imeishiwa dawa, hivyo yeye ndiye aliyepewa cheti akanunue dukani Kilwa Masoko. Nilipobabuka na kulazwa, alirudi kwenye duka lile kwa hofu, akiamini ameuziwa dawa siyo. Muuzaji alimwonyesha boksi, akamwambia alichompa ndicho kilichoandikwa. Alilisoma jina lile pale dukani, akalirudia njia nzima. Alimweleza kaka yake, kaka yake akasema ni amri ya Mungu, yakaishia hapo. Halafu Bakari akafa, mimi nikaenda kwetu, na yeye akadhani nimemkimbia yeye.

"Linaitwaje?" nikamuuliza.

"Kabamazepini," akasema, silabi zote, bila kukosea.

"Umelikumbuka miaka yote hii?"

"Nilidhani nimekuua. Jina la kitu kama hicho litaniponyoka vipi?"

Nililia, na sikulia kwa ajili ya kidonge. Nilimwambia alitumwa dawa akaleta dawa, na kama kuna nilichokikimbia Kikole ni upweke wa nyumba ile isiyo na Bakari. Alifuta uso kwa kiganja, akamwagiza mkewe chai.

Asubuhi yake tulimpigia simu daktari wa Lindi, nikampa Selemani azungumze. Aliulizwa mengi: vidonda vilianzia wapi, macho yaliwasha, nilikuwa nimekunywa dawa kwa muda gani. Alijibu yote. Kisha daktari akaniomba mimi. Alisema kumbukumbu ya ndugu si sawa na cheti, lakini imetosha kwake asiiguse dawa hiyo wala zile za jamii yake. Kisha akaongeza, "Mama, hiyo ndiyo niliyotaka kukuandikia siku ile."

Nilikaa chini palepale mchangani.

Wakati wa kurudi tulipita tena hospitalini. Daktari wa zamu aliongea kwa simu na mwenzake wa Lindi, wawili hao hatimaye wakisikilizana juu ya mwili mmoja, kisha akaandika jina lile kwenye faili langu la zamani na kuongeza: kwa maelezo ya shemeji yake. Lindi nilipewa ile dawa nyingine, na kadi yangu mpya ina jina la kabamazepini kwa wino mwekundu. Tangu nianze sijaanguka, namshukuru Mungu, japo daktari ananiambia nisiimbe mapema.

Nimejifunza kuuliza jina la kila kidonge kabla sijakimeza, na kumtajia mwingine. Hospitali siku moja zitaongea zenyewe kwa zenyewe, inshallah. Mpaka hapo, nina watu wangu.

Ijumaa iliyopita simu iliita nikiwa shambani. Alikuwa Selemani, na nyuma yake nilisikia watoto wakicheka.

"Bi Kabamazepini hajambo?" akauliza. "Au Wamwera wamekosa panya, wamekula na simu?"

Zainabu alisema jina hilo ni baya, nimkataze. Nilimwambia Selemani alifundishe kwa wajukuu wote, na asiwaache mpaka walitamke sawasawa.