Makande ya Kipaimara

Mimi nilipokuwa mtoto wa darasa la tano, likizo ya mwezi wa sita haikuwa likizo hata kidogo. Shule inafungwa Ijumaa, Jumamosi asubuhi Bibi ananigongea dirisha: "Agnesi, amka, kanisa linakungoja." Utadhani kanisa limesimama mlangoni na fimbo! Kijiji chetu kiko upande wa Mnyuzi, si mbali na reli, na parokia yetu ya Kianglikana ilikuwa ndogo, ila kwa kazi ilikuwa haina mpinzani. Mahindi na maharage yameshavunwa, baridi ya asubuhi inauma masikio, na kila mwenye mikono miwili anatafutiwa shughuli. Wanaume wanapaka kuta chokaa. Vijana wanafyatua matofali ya nyumba ya padre, nyumba ambayo tangu nipate akili ilikuwa inakaribia kwisha. Kwaya inafanya mazoezi mpaka majirani Waislamu wanaijua sauti ya tatu kuliko waimbaji wenyewe. Sisi watoto tunachota maji, tunafagia uwanja, tunachambua maharage, halafu jioni tunakaa chini kufundishwa kipaimara.

Leo nina watoto wangu, nao wakiniuliza likizo zetu zilikuwaje nawaambia zilikuwa nzuri sana, na sidanganyi. Tulichoka, lakini tulichoka pamoja, tukala pamoja. Namshukuru Mungu kwa siku zile. Ila kuna moja ambayo nikiikumbuka bado naona aibu.

Bibi yangu ndiye aliyekuwa mkuu wa jiko la kanisa, banda la mabati makuukuu nyuma ya sakristia. Mle ndani alikuwa mkali kuliko mwalimu mkuu. Kwetu watu wanaamini, na wengine wanaamini mpaka leo, kwamba chakula cha shughuli kinaweza kufungwa. Mtu mwenye mkono mbaya akipita karibu na sufuria akakisifia, basi, kuni zitateketea, maji yatachemka, na chakula kitabaki kibichi vile vile. Kwa hiyo Bibi alikuwa na sheria yake: chakula cha sikukuu hakionjwi mpaka padre akibariki. Kuonja ni kuufungulia mkono mbaya mlango. Mpishi anabonyeza punje kwa vidole tu, na vidole hivyo asilambe. Bibi alikuwa mtu wa misa kila Jumapili, Kwaresima anafunga yote, na hayo ya kufungwa chakula aliyashika kwa nguvu ile ile. Sikumwona hata siku moja akihangaika kuyapatanisha.

Mwaka ule tulikuwa na mgeni, Mama Pili. Alikuwa ametoka Ngombezi, alikowapikia wakata mkonge miaka mingi, akaja kupanga chumba karibu na stesheni. Pili mwenyewe alifariki akiwa mdogo, na mume akamfuata. Kwa watu wa kwetu hiyo ilitosha. Wakaanza kuunganisha: alimsifia mbuzi wa fulani, mbuzi akafa, alimbeba mtoto wa fulani, mtoto akaharisha usiku kucha. Mkono mbaya, wakasema. Usoni hakuna aliyemwambia kitu. Walimwitikia salamu vizuri tu, na kwenye benchi wakampisha nafasi, nafasi kubwa kuliko anayoihitaji mtu mmoja. Naye akawa anakaa benchi la mwisho, karibu na mlango.

Ikafika Jumapili ya kipaimara. Baba Askofu anakuja, nami nilikuwa mmoja wa watoto kumi na wanne wa kuwekewa mikono. Gauni langu jeupe lilikuwa limeshonwa Korogwe mjini, limening'inia kwenye msumari, na tangu Alhamisi nilikuwa nikiamka kuliangalia kama bado lipo. Mzee Hoza, jirani yetu Mwislamu, alikuja alfajiri na kisu chake kutuchinjia mbuzi, kama alivyofanya kila mwaka ili sikukuu yetu iliwe na kijiji kizima. Makande yakainjikwa kwenye sufuria mbili za kuazima, zile ambazo mtoto anaweza kuoga ndani yake.

"Agnesi," Bibi akaniita, "nenda stoo ulete magadi. Bakuli moja kila sufuria. Utie mwenyewe."

Utie mwenyewe! Nilijiona nimeshakuwa mtu. Stoo ilikuwa na giza, magunia mawili madogo yamekaa pamoja pembeni, nikachota lililokuwa karibu, nikatia bakuli moja huku na bakuli moja kule, nikakoroga kwa kijiti kirefu, nikajipangusa mikono kama nilivyowaona wakubwa wakifanya.

Saa tatu asubuhi kuni zilikuwa zimekwisha mzigo mzima, na Bibi akibonyeza, punje ngumu kama kokoto. Akaongeza moto. Akabonyeza tena. Wenzake wakaanza kutazamana.

"Leta na chumvi tuiweke tayari," akaniambia, basi tu, ili mikono ya mtu isikae bure.

Nikaenda stoo. Sasa jua lilikuwa limeingia kwa upenyo wa mabati, na nikaona. Gunia la magadi lilikuwa limejaa, halijaguswa. Lililochotwa ni la chumvi ya mawe. Ukiwa gizani, na una haraka ya kuwa mtu mzima, mabonge yake ni yale yale. Na kila mwanamke wa kwetu anajua kwamba maharage ukiyatia chumvi mwanzoni yanakugomea, sembuse bakuli zima. Loo! Mwaka uliopita Bibi alimrudisha mtoto mmoja asipate kipaimara kwa sababu alilamba sukari ya sikukuu. Nikaliona akilini gauni langu lililokuwa nyumbani msumarini. Nikatoka na chumvi mkononi, mdomo nimeufunga.

Nje nikamkuta Mama Danieli ameshashika kiuno. Huyu alikuwa kiongozi wa kwaya, mwanamke wa sauti kubwa na roho nzuri mara nyingi, na ndiye aliyekuwa mdhamini wangu wa kipaimara.

"Mimi nasema nilichokisikia," alikuwa akisema. "Alipita hapa alfajiri na mzigo wa kuni. Akasimama pale pale. Akasema, 'Jamani, makande ya mwaka huu ni mengi!' Kwa masikio yangu haya."

Hakuna aliyeuliza ni nani. Bibi akatazama moto.

"Mwiteni," akasema.

Desturi ni hii: anayeshukiwa anapewa maji, anayasukutua, anayatema chini ya mafiga, na kusema, "Kama ni mdomo wangu, yaive." Halafu mnangoja. Mama Pili akaja na khanga yake ya kwendea misa, akatusalimia mmoja mmoja, akamwamkia Bibi shikamoo. Alipoonyeshwa kikombe cha maji alielewa mara moja, maana hata kwao Ngombezi desturi hiyo ipo. Hakubisha. Alisukutua, akatema, akasema, "Kama ni mdomo wangu, yaive," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza unga dukani.

Halafu akafanya jambo ambalo katika jiko la Bibi halijawahi kufanywa. Akachukua mwiko, akachota, akatia mdomoni.

"Wee!" Mama Danieli akapiga kelele. "Anaonja!"

Mama Pili akatafuna polepole. Nilimwona akisimamisha taya. Akauliza, "Magadi alitia nani?"

"Mjukuu wangu," Bibi akajibu.

Akanitazama. Nilijua kwamba amejua, naye aliona kwamba nimejua kwamba amejua. Nikangoja anitaje. Mama huyu alikuwa amepika makande ya watu mia na zaidi kila siku ya Mungu, asingeweza kukosa kuitambua chumvi.

"Magadi yamekuwa machache," akasema. "Mwageni maji haya yote. Mnayo maji ya moto mengine?"

Yalikuwepo, ya chai ya Baba Askofu. Akayachukua hayo hayo. Akamwaga ya kwanza, akaosha makande, akatia maji mapya na magadi aliyokwenda kuyaleta mwenyewe, akapanga kuni upya kwa namna yake. Wanawake wamesimama mbali wanamwangalia.

"Sawa," Mama Danieli akasema, akimvuta Bibi pembeni, ila kwa sauti ile yake hata aliye barabarani angesikia. "Sasa tutajua. Yakiiva, basi ni yeye."

Nilikuwa mtoto, lakini hilo nililielewa vizuri kuliko hesabu zote za shule. Yasipoiva, sikukuu imeharibika. Yakiiva, Mama Pili amethibitika mchawi, kijiji kizima kimeshuhudia. Na yeye mwenyewe amesikia, na bado anapuliza moto! Angeweza kusema neno moja tu, chumvi. Nami ningeweza kulisema pia. Badala yake nilikwenda kuvaa gauni.

Misa ilianza kwa ubani na kengele kama ilivyo desturi yetu, kwaya ikaimba vizuri kuliko siku zote. Sikusikia kitu. Nilikuwa nageuka nyuma kumtazama Mama Pili kwenye benchi lake la mwisho, amekaa ameshika kitabu cha nyimbo, nafasi ya watu watatu iko wazi kando yake. Baba Askofu alipoanza kuita watoto, upepo ukageuka, na harufu ikaingia kwa madirisha ya upande wa sakristia. Makande yanaiva. Harufu nzuri, ya maharage yaliyolainika, ile inayowaita watoto kutoka mtoni. Nikaona vichwa vya akina mama vikipinda kimoja baada ya kingine, vikitazama nyuma, vikitazamana. Mama Pili akainamisha uso kwenye kitabu. Jamani, nilimhurumia!

Jina langu likaitwa. Nikaenda mbele, Mama Danieli nyuma yangu, mkono wake wa kulia begani kwangu kama mdhamini anavyotakiwa. Nikatakiwa kupiga magoti. Nikabaki nimesimama.

"Baba Askofu," nikasema, "ni chumvi."

"Chumvi gani, binti yangu?"

"Nilitia chumvi. Kwenye makande. Nilidhani ni magadi. Mama Pili hajafanya kitu, alionja akajua ni mimi, na hakunisema. Wanasema yakiiva ni yeye. Si yeye. Ni mimi." Nikaanza kulia kwa sauti, kamasi, kila kitu, mbele ya Askofu na gauni jeupe.

Mkono wa Mama Danieli ukawa mzito begani, kisha ukatoka. Baba Askofu hakucheka, hakukemea, alibaki ameinamisha kichwa, akingoja kama mtu anayejua kwamba neno linalofuata si lake.

Ndipo Bibi alipoinuka. Magoti yake yalikuwa mabovu, kwa hiyo ilimchukua muda. Nilidhani anakuja kunitoa nje kwa sikio. Alinipita hata hakunitazama, akateremka katikati ya mabenchi mpaka kule mwisho, akamshika Mama Pili mkono, akarudi naye mbele.

"Weka hapa," akamwambia, akionyesha bega langu.

Mama Pili alisita. Nilihisi vidole vyake vikigusa gauni, vikaondoka, kama mtu anayepima joto la chungu.

"Mama," akanong'ona, "watasema."

"Mjukuu ni wangu," Bibi akamjibu. "Weka."

Akauweka. Ulikuwa mkono wa mpishi, mkavu, una joto, unanuka moshi. Nikapiga magoti, nikawekewa mikono na Askofu nikiwa na mkono huo begani, na katika maisha yangu sijawahi kujiona niko salama kama siku ile. Nyuma yangu Mama Danieli alikuwa analia kuliko mimi. Baada ya misa alikwenda kumsaidia Mama Pili kupakua, na kati ya sahani na sahani Mama Danieli akasema, "Mama Pili, nisamehe mdomo wangu," naye akajibu, "Shika sahani hiyo vizuri, inamwagika." Nami Bibi aliniadhibu: niliosha sufuria zote mbili peke yangu, na gauni nimelivua.

Bibi ameshatangulia. Mama Pili yupo, macho yamepungua nguvu, kichwa kizima. Kila likizo ya mwezi wa sita nawapeleka watoto wangu kijijini wakafagie uwanja wa kanisa, wananuna siku ya kwanza, ya pili hawataki kuondoka. Lakini msidhani siku ile ilifuta imani ya watu wa kwetu. Haikufuta, iliigeuza tu. Habari ya chumvi ilisahauliwa kabla mwaka haujaisha. Kilichobaki ni kwamba makande yaligoma, Mama Pili akatia mkono, yakaiva. Sasa hakuna shughuli, ya kanisa au ya msikiti, inayoanza kupikwa bila yeye kuletwa, hata kwa bodaboda, aguse kuni ya kwanza. Mabibi harusi wanampelekea mikono yao aishike.

Mwaka jana nilikaa naye mkekani kwenye sikukuu ya mavuno, na msichana mmoja wa kwaya akawa anawasimulia wageni habari hiyo yote, na miujiza ameongeza ya kwake. Mimi nimezeeka na tabia ya kusahihisha watu. Nikafungua mdomo niseme ukweli ulivyokuwa. Mama Pili akanifinya paja.

"Nyamaza," akasema taratibu. "Walipokuwa wanasema mkono wangu unaua, aliyekwenda kuwaeleza ukweli ni mtoto mmoja tu, tena analia. Ulishanilipa mwanangu. Sasa waache waseme mkono wangu ni mzuri."

Nikanyamaza, nikamsogezea sahani yake.